Breki za gari jingine kwenye gari lako: hesabu kwanza, spana baadaye

Breki kubwa hazifupishi umbali wa kusimama pale unapokanyaga mara ya kwanza. Naanza na hili kwa sababu linawapotezea watu muda kuliko kosa lolote la spana. Gari linasimamishwa na matairi. Kazi ya breki ni kuyazuia magurudumu yasizunguke. Kama breki ulizonazo zinaweza kuamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge) ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, au kufunga magurudumu kwa gari lisilo na ABS, basi nguvu yake tayari imepita mshiko wa matairi. Funga diski kubwa utakavyo, utasimama palepale. Ukitaka usogee karibu zaidi, badilisha matairi.

Kinachobadilika ni mara ya 5, ya 8 na ya 12. Gari la kilo 1,400 likiwa kwenye mwendo wa 100 limebeba nishati ya kilojuli 540 hivi, na likisimama karibu yote hugeuka joto. Breki za mbele hubeba kama asilimia 70 ya kazi hiyo. Diski mbili za mbele zenye uzito wa kilo 5 kila moja hupanda joto kwa nyuzi 80 hivi kwa kusimama mara moja. Zikiwa na kilo 7 kila moja, hupanda kwa nyuzi 60 hivi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uirudie: baada ya kusimama mara 5 mfululizo bila kupoa, diski ndogo zimepita nyuzi 400 na pedi nyingi za kawaida zimeanza kupoteza mshiko, wakati diski nzito bado ziko kwenye 330 hivi na zinafanya kazi. Mteremko ni mbaya zaidi. Gari hilohilo likishuka mita 300 za wima kwa breki tupu, bila msaada wa injini, linamwaga megajuli 4 kwenye diski, sawa na kusimama mara 7 au 8 kutoka 100 bila nafasi ya kupumua.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza kutafuta kalipa (mdomo wa chuma unaobana pedi kwenye diski) za gari jingine, jua breki zako zinashindwa wapi. Pedeli ikibaki ngumu na juu lakini gari halipungui mwendo unavyotaka, pedi zimepita joto lake. Pedeli ikiwa laini, ikazama, kisha ikarudi ukiipampu, mafuta ya breki yamechemka na sasa unabana mvuke. Pedeli ikitetemeka, unene wa diski haulingani mzunguko mzima. Gari likivuta upande mmoja, kuna kalipa iliyoganda au mpira wa breki (bomba laini linalopeleka mafuta kwenye kalipa) uliovimba ndani. Katika yote hayo, ni hali mbili za kwanza tu ndizo zinazoweza kudai breki kubwa, na hata hizo mara nyingi huisha kwa pedi bora na mafuta mapya.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu. DOT ni daraja la mafuta hayo. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, lakini ikishashika maji kiwango chake cha chini ni nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Gari ambalo mafuta yake hayajabadilishwa kwa miaka mingi linaweza kuchemsha kwenye mteremko hata likifungiwa kalipa za gari la mashindano. DOT 5 ni kitu kingine kabisa: imetengenezwa kwa silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine, na si ya gari lenye ABS.

Zirudishe breki za kiwandani kwenye hali yake kwanza. Pini za kutelezea zisafishwe na zipakwe grisi ya silikoni, pistoni zirudi bila kukwama, mipira yote iwe mizima, pedi ziwe nzuri, mafuta yawe mapya. Endesha hivyo kwa muda. Kama bado zinalemewa, sasa una sababu.

Tafuta ndani ya ukoo

Njia nyepesi kuliko zote ni kuchukua breki za ndugu mkubwa wa gari lako: toleo lenye injini kubwa zaidi, lenye tabo, au lenye uzito zaidi, lililojengwa juu ya msingi uleule. Kiwanda hakipendi kutengeneza nako (chuma cha gurudumu kinachoshika kalipa) tofauti kwa kila toleo. Mara nyingi matundu ya bolti za breketi (kibebeo) ya kalipa yanafanana, na kilichobadilika ni breketi na diski tu.

Golf ya kizazi cha 4 ni mfano safi. Matoleo yenye diski za mbele za mm 288 yanatumia kalipa ya pistoni moja ya mm 54, na matoleo makubwa ya ukoo huo, pamoja na Audi TT yenye nguvu zaidi, yana diski za mm 312 kwa kalipa hiyohiyo. Unahitaji breketi za 312, diski za 312×25 (kipenyo kwa unene) na pedi, basi. Bati la kukinga vumbi nyuma ya diski linabadilishwa au linakatwa, na rimu ziwe za inchi 16 kwenda juu. Hakuna paipu inayoguswa, mafuta hayafunguliwi, pedeli inabaki ileile. Mazda MX-5 ya kwanza iko hivyohivyo: ya injini ya 1.6 ilitoka na diski za mbele za mm 235, ya 1.8 ikaja na mm 255, na breketi, diski na pedi za ya pili zinapanda kwenye ya kwanza. Kwangu mimi hii ndiyo aina bora ya kuboresha breki, na nasikitika kuona watu wanaipita kwa sababu tu haionekani kwa nje.

Toyota 4Runner ya kizazi cha 3 ina yake. Kalipa zake zina herufi 13WE kwenye chuma; za Tundra ya kwanza zina 13WL na zinakaa juu ya diski pana zaidi za mm 319. Bolti zinaingia moja kwa moja. Bati la vumbi linakunjwa nyuma au kukatwa ukingo, na baadhi ya rimu za inchi 16 hugusa. Soma herufi hizo kwenye mwili wa kalipa kabla ya kuamini maneno ya muuzaji.

Subaru zenye mpangilio wa bolti 5×100 (bolti 5 kwenye duara la mm 100) zina ngazi nzima ya kupanda. Nyingi zilianza na diski za mbele za mm 277 hivi. Kalipa za pistoni 4 kutoka kwa Impreza WRX, zikiwa na diski za mm 294, zinafungwa kwenye nako zilezile. Juu yake kuna kalipa za Brembo za STI (Impreza yenye nguvu zaidi), diski za mbele za mm 326×30, na hapo rimu lazima ziwe za inchi 17 zenye umbo linaloziruhusu. Nyuma ndiko watu wanakokwama. Kwenye magari haya breki ya mkono ni dramu ndogo iliyofichwa ndani ya diski ya nyuma. Magari mengi ya ukoo huu yana dramu ya mm 170, STI ina ya mm 190. Diski ya STI itakaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) bila tatizo, bolti za gurudumu zitaingia, kila kitu kitaonekana sawa, halafu ukivuta breki ya mkono viatu vya dramu vinasukuma hewa. Diski za nyuma za mm 290 za Outback ya silinda 6, pamoja na breketi zake, hazina shida hiyo, na kwa gari la barabarani ni chaguo la akili zaidi.

Hesabu ya nguvu ya kubana

Hapa ndipo breki za kuazima huharibika hata bolti zikiingia zote. Nguvu ya breki kwenye gurudumu inatokana na vitu vinne vinavyozidishana: presha ya mafuta, eneo la pistoni, mshiko wa pedi, na umbali kutoka katikati ya habu hadi katikati ya pedi. Ukibadilisha kimoja mbele bila kujali nyuma, umebadilisha mgawanyo ambao wahandisi waliupanga kwa uzito na urefu wa gari hilo.

Anza na umbali. Chukua nusu ya kipenyo cha diski, toa nusu ya urefu wa pedi (kutoka ukingo wa nje kuelekea habu), toa na milimita 1 ya ukingo. Kwa pedi yenye urefu wa mm 45, diski ya 288 inatoa mm 120.5 na diski ya 312 inatoa mm 132.5. Nguvu imeongezeka kwa asilimia 10 kwa pedeli ileile na mafuta yaleyale.

Kisha eneo la pistoni. Kalipa ya kuelea, ile yenye pistoni upande mmoja tu, unahesabu pistoni zake zote. Kalipa isiyoelea, yenye pistoni pande mbili, unahesabu za upande mmoja tu. Wengi wanajumlisha pistoni zote 4, wanapata namba kubwa, wanafurahi bure. Kalipa yenye pistoni 4 za mm 40.4 ina mm za mraba 2,564 kwa upande. Kalipa ya kuelea yenye pistoni moja ya mm 57 ina 2,552. Zinabana sawasawa. Faida ya ile ya pistoni 4 ni ugumu wa mwili wake, pedi kubwa zaidi na hisia safi ya mguu. Kwenye kubana chuma, hazipishani.

Pistoni ya mm 54 ukiibadilisha kwa ya mm 57, eneo linapanda kutoka 2,290 hadi 2,552, yaani asilimia 11. Nguvu inaongezeka kwa kiasi hicho, na mafuta yanayohitajika kuisukuma yanaongezeka kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo pedeli inashuka zaidi. Ukijumlisha na diski iliyokua, nguvu ya mbele inaweza kupanda kwa asilimia 20 na zaidi. Magurudumu ya mbele yanafunga mapema mno, breki za nyuma zinabaki bila kazi, na umbali wa kusimama unarefuka. Gari lililofungiwa breki kubwa sana mbele peke yake linaweza kusimama vibaya kuliko lilivyotoka kiwandani. Kanuni ninayoshauri: ongezeko la mbele lisipite asilimia 10 hadi 15 kama nyuma haiguswi. Kupita hapo, chukua seti nzima ya mbele na nyuma kutoka kwa gari moja.

Upande wa pili ni hatari zaidi. Ukiongeza nyuma kuliko mbele, magurudumu ya nyuma yanafunga kwanza na gari linageuka kichwa nyuma. Mbele lazima zifunge kwanza, siku zote, kwenye lami kavu na kwenye maji.

Masta silinda

Pedeli ikishuka sana baada ya kufunga kalipa za pistoni kubwa, dawa ni masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli kupeleka mafuta kwenye kalipa) yenye kipenyo kikubwa zaidi. Vipimo vinavyokutwa mara kwa mara ni inchi 13/16, 7/8, 15/16 na 1, yaani mm 20.6, 22.2, 23.8 na 25.4. Kipimo mara nyingi kimeandikwa ubavuni. Kwenye Nissan za zamani kuna alama kama BM44, BM50 na BM57, ambazo ni inchi 15/16, 1 na 1 1/16.

Kutoka 7/8 kwenda 15/16 eneo linapanda kwa asilimia 15. Safari ya pedeli inapungua kwa asilimia 13, na mguu uleule sasa unatoa presha pungufu kwa kiasi hichohicho. Pedeli inakuwa ngumu na fupi, wengi wanaipenda, wanadhani breki zimekuwa kali. Hazijawa kali, zimekuwa nzito. Usibadilishe masta silinda kwa sababu ya hisia tu. Ibadilishe pale eneo la pistoni za kalipa limeongezeka, na kwa uwiano unaokaribiana.

Ukiibadilisha, angalia urefu wa fimbo inayotoka kwenye busta (kopo linalousaidia mguu kusukuma). Ikizidi hata kidogo, inaisukuma pistoni ya masta silinda muda wote na kuziba tundu la kurudishia mafuta. Mafuta yakipata joto yanapanuka, hayana pa kwenda, breki zinajibana zenyewe na gari linazidi kuwa zito barabarani mpaka moshi utoke. Ikipungua, robo ya kwanza ya pedeli inakuwa tupu. Lazima ibaki nafasi ndogo sana kati ya fimbo na pistoni, na kipimo chake kipo kwenye kitabu cha ufundi cha gari.

Kubadilisha dramu za nyuma kuwa diski ni kazi inayotamaniwa sana na inayolipa kidogo. Dramu inajisaidia yenyewe kubana, inashika breki ya mkono vizuri, na nyuma ya gari jepesi haipati joto la kuishinda. Ukiamua kufanya, kumbuka kwamba diski zinahitaji presha kubwa kuliko dramu kwa kazi ileile, kwa hiyo vali inayogawa presha nayo ihame. Kwa Honda Civic na Integra za miaka ya 1990 seti kamili ni mikono ya nyuma inayobeba magurudumu pamoja na kalipa zake, nyaya za breki ya mkono, vali ya magari ya diski mbele na nyuma yenye alama 4040, na masta silinda ya gari hilohilo. Kwenye magari ya zamani zaidi, masta silinda ya dramu huwa na vali ndogo inayobakiza presha kidogo kwenye paipu. Ikibaki humo, diski zitaburuta daima.

Kupima kabla ya kununua

Diski ina vipimo vitano vinavyohusika: kipenyo, unene, kimo kutoka uso wa habu hadi ukingo wa nyuma, tundu la katikati, na mpangilio wa bolti. Mpangilio peke yake unadanganya. Toyota, Honda, Nissan na Mazda nyingi zina 5×114.3, lakini matundu ya rimu zake ni mm 60.1, 64.1, 66.1 na 67.1. Golf ya kizazi cha 4 na Subaru za juu zina 5×100, na habu zake ni mm 57.1 na 56.1. Diski inashikiliwa katikati na habu. Bolti kazi yake ni kuibana tu. Diski yenye tundu pana kuliko habu inakaa pembeni kidogo na kutetemesha usukani, na yenye tundu dogo haiingii. Kuchonga tundu ni kazi ya fundi wa mashine ya lathe. Faili la mkono halitoi duara.

Kimo ndicho kinachosahaulika. Kikikosea kwa milimita 3, diski haipo katikati ya kalipa. Ya kuelea inaweza kuvumilia kwa muda, ila pedi mpya za upande mmoja zitakosa nafasi. Isiyoelea haivumilii hata kidogo.

Angalia pia pedi inavyokaa juu ya diski. Igeuze diski taratibu kwa mkono huku ukichungulia kwa tochi ukingo wa juu. Pedi ikichomoza nje ya diski hata milimita 2, sehemu ile haiguswi na chuma na hailiki. Baada ya miezi kadhaa inabaki kama mdomo mgumu unaoning'inia juu ya ukingo. Pedi za pande zote mbili zikilika hivyo, midomo inakaribia kukutana, inashikana na ukingo wa diski, na pedi haikai tena bapa. Pedeli inakuwa kama sponji na hakuna kiasi cha kutoa upepo (kuondoa hewa kwenye mafuta) kitakachoiponya.

Rimu ipimwe kabla ya kutoa fedha. Kata kadibodi ngumu kwa umbo la kalipa, iweke kwenye habu kwa kipimo cha diski mpya, kisha ingiza rimu. Acha angalau milimita 3 kati ya kalipa na miguu ya rimu, na kiasi hichohicho kwenye duara la ndani. Halafu tazama vyuma vya kusawazishia gurudumu vilivyobandikwa ndani: rimu ikipita kalipa kwa milimita 3, kile chuma cha kubandika kitang'olewa mzunguko wa kwanza. Kabla ya kufunga, hamishia vyuma hivyo mahali pengine.

Kalipa iliyotumika nunua bila woga kama mwili ni mzima, maana sili na mipira yake hubadilishwa. Toa pistoni utazame uso wake: vishimo vya kutu sehemu inayopita kwenye sili vinaikataa. Diski iliyotumika iache. Ina kikomo cha unene kilichogongwa ukingoni au kwenye kofia yake, na mara nyingi iko karibu nacho tayari.

Nyuzi za paipu

Hapa kuna mtego mdogo wenye madhara makubwa. Nati za paipu za breki za magari ya Japani na Ulaya mara nyingi ni M10×1.0. Za magari ya Marekani mara nyingi ni inchi 3/8 yenye nyuzi 24. Ya pili ina kipenyo cha mm 9.5 na hatua ya mm 1.06, kwa hiyo inaingia kwenye tundu la M10 kwa vidole, inazunguka, inalegealegea kidogo, na inakuja kuachia siku unapokanyaga kwa nguvu zote. Pima kwa venia (rula ya kupimia kipenyo na unene) na kipimo cha nyuzi. Mdomo wa paipu nao una aina mbili: uliokunjwa mara mbili wenye umbo la faneli, na ule wa kiputo. Haviingiliani. Mafuta yatavuja hata ukikaza mpaka nati ikatike.

Bolti yenye tundu inayofunga mpira kwenye kalipa inataka washa mbili mpya, moja kila upande wa kichwa cha mpira. Washa ya shaba ya zamani imeshakuwa ngumu na haizibi tena. Mpira wenyewe uwe na urefu wa kutosha: gari likiwa limeinuliwa na gurudumu linaning'inia, geuza usukani kushoto mwisho, kisha kulia mwisho. Usivutike, usijipinde, usiguse rimu wala springi.

Kufunga

Uwanja uwe tambarare, gari likae kwenye stendi, kamwe lisibaki kwenye jeki peke yake. Kalipa ya zamani isining'inizwe kwa mpira wake. Ifunge kwa waya kwenye springi. Toa breketi, toa diski.

Sasa habu. Hii ndiyo dakika 20 yenye thamani kuliko zote katika kazi nzima. Piga brashi ya waya uso wote mpaka chuma king'ae, zungushia kila bolti, safisha na ule mdomo mdogo wa katikati unaoshika diski. Punje moja ya kutu chini ya diski inaifanya iyumbe kila mzunguko. Ikague kwa saa ya kupimia baada ya kuibana diski kwa nati zote: kiyumbo cha mm 0.05 ni kizuri, ukikaribia mm 0.10 itoe, igeuze kwa tundu moja la bolti, upime tena. Diski inayoyumba haitetemeshi siku ile ile. Inagusa pedi mahali palepale kila mzunguko mpaka unene upungue upande mmoja, na mtikisiko unatokea baada ya kilomita elfu kadhaa, wakati kila mtu ameshaanza kusema diski imepinda kwa joto.

Osha diski mpya kwa kimiminika cha kusafishia breki kuondoa mafuta ya kuzuia kutu. Kaza bolti za breketi kwa spana ya torki, kwa kipimo cha gari ambalo nako ni yake. Kiwanda kikisema bolti ni za kutumika mara moja, weka mpya. Grisi ya silikoni iende kwenye pini za kutelezea, tabaka jembamba. Chochote cha petroli kinavimbisha mipira.

Kalipa za kushoto na kulia zinafanana sana na huchanganywa. Alama ni moja: nipo ya kutolea upepo lazima iwe juu kabisa. Ikiwa chini, hewa inabaki imekaa juu ya pistoni na utatoa upepo mchana kutwa bila pedeli kupanda. Kwenye kalipa za pistoni 4 zenye ukubwa tofauti kuna alama ya pili: pistoni ndogo inakaa upande ambao diski inaingilia, ili pedi ilike sawa.

Kalipa za nyuma zenye breki ya mkono ndani yake zina pistoni ya skrubu. Zinarudishwa kwa kuzungushwa huku zikisukumwa. Ukizibana kwa klempu unavunja utaratibu wa ndani. Zenye mota ya umeme ziwekwe kwanza kwenye hali ya matengenezo kwa kompyuta.

Upepo, kisha barabara

Lita 1 ya mafuta mapya inatosha kusafisha mfumo mzima wa gari dogo. Mpangilio wa kawaida ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, lakini gari lenye mfumo uliogawanywa kwa mshazari linaweza kuwa na mpangilio wake, na wa kiwanda ndio wa kufuata. Masta silinda mpya itolewe upepo mezani kabla haijafungwa. Iliyo nzee usiikanyage hadi sakafuni: weka kipande cha ubao chini ya pedeli. Sili zake zimezoea kutembea sehemu fulani ya silinda, na sehemu ya mbele ina kutu na uchafu unaozichana. Kazi iliyoanza na kalipa inaishia na masta silinda inayovuja ndani.

Washa injini, kanyaga kwa nguvu, shikilia nusu dakika. Pedeli ikizama polepole, kuna uvujaji. Ukikosa unyevu nje, tafuta ndani ya masta silinda. Kagua kila kiungo kwa karatasi nyeupe.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa. Kama mtengenezaji wa pedi ametoa maelekezo, fuata yake. Yasipokuwepo: punguza mwendo kutoka 60 hadi 10 mara 10 kwa mguu wa wastani bila kusimama kabisa, ukiacha nusu dakika kati ya kila moja, kisha endesha dakika 10 bila kugusa breki ili zipoe. Ukisimama na kushikilia pedeli diski zikiwa na moto, pedi inaacha alama ya umbo lake juu ya chuma, na alama hiyo ndiyo mwanzo wa mtetemo.

Baada ya hapo pima mgawanyo, mahali pa wazi pasipo na watu wala magari, mwendo wa 40, usukani umenyooka. Kwa gari lisilo na ABS, mtu asimame pembeni mbali atazame gurudumu gani linafunga kwanza. Rudia sehemu yenye maji. Nyuma ikifunga kwanza hata mara moja, gari lisitoke hapo mpaka sababu ipatikane. Kwa gari lenye ABS usiitoe fyuzi ili kupima. Tazama kama inaamka mapema kuliko zamani kwenye breki ya kawaida, dalili kwamba mbele umezidisha. Kompyuta ya ABS ilipangwa kwa kalipa za ukubwa fulani, na ukiiletea pistoni za ukubwa mwingine inajaza na kuachia presha kwa vipimo ambavyo si vyake.

Bima na wakaguzi wa magari katika nchi nyingi wanataka kujulishwa mabadiliko ya aina hii. Hifadhi namba za spea zote ulizofunga, utazihitaji hata kununua pedi, kwa sababu kuanzia sasa ukitaja aina ya gari lako dukani utapewa pedi zisizoingia. Ziandike kwenye karatasi ikae ndani ya gari.

Kaza upya nati za magurudumu baada ya kilomita 100. Chora mstari wa rangi unaopita kichwa cha kila bolti ya breketi hadi kwenye nako, ili ukichungulia kupitia miguu ya rimu uone kama kuna iliyozunguka. Kwenye kilomita 500, toa magurudumu, pima unene wa pedi ya ndani na ya nje kwa kila kalipa. Tofauti ikizidi milimita 1, pini hazitelezi au kimo cha diski hakikuwa sahihi, na unarudi kwenye venia.